Kioo cha Kushoto

Mjini Winton, Australia, nilianza kurudisha nyuma karavani, ile nyumba ya magurudumu ninayoivuta kwa gari, niiegeshe kwenye nafasi niliyopewa kambini. Kwenye kioo cha pembeni cha kushoto hapakuwa na mtu. Miaka yote mke wangu Noelene alikuwa akisimama pale, akinipungia kofia na kunitukana.

Jirani alitoka na bia yake. "Kaka, nani anakuelekeza? Au umemwacha mama njiani?"

"Tulimzika Jumanne."

Aliweka bia chini, akaenda kusimama nyuma, mkono juu, katikati ya kioo changu. "Haya, njoo! Kata kulia!"

"Toka hapo," nikamwambia. "Hapo ni pake."

Akatoka. Nikarudi nyuma mwenyewe mpaka nikavunja bomba la maji. Maji yakaruka, yakapiga dirisha la karavani lililo kando ya kitanda chetu.

Nilizima injini. Nikatazama kiooni, nikangoja anitukane.