Sauti Iliyokuwa Ikikwama

Diski ilianza tena kugonga, tak, tak, tak, na mwanamke aliyesimama nyuma ya fundi akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Inakufa?” aliuliza.

Fundi hakujibu mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mtaani walimpachika jina la Chapuchapu kwa kuwa hakuweza kuvumilia kitu chochote cha polepole: foleni, chai inayosubiri kupoa, wala mtu anayetafuta neno. Ukisitasita mbele yake alikumalizia sentensi, na mara nyingi aliimalizia vibaya. Lakini asubuhi hiyo, mbele ya kompyuta kuukuu iliyolazwa ubavu juu ya meza ya chakula, alikuwa mpole kama mkunga. Diski iliyochoka namna ile ukiiharakisha inakata roho.

Mwenye kuihitaji kompyuta alikuwa chumba cha pili. Alikuwa mama mkwe wa yule mwanamke, mzee ambaye macho yake yalibakiza mwanga na vivuli tu, naye alikaa kitandani na sahani ambayo hajaigusa. Kila alasiri alimsikia mwanawe, aliyekwenda kufanya kazi ng’ambo, kupitia kompyuta hiyo. Akishamsikia ndipo anapokula, na akishakula ndipo anapomeza dawa zake za moyo. Jana kompyuta ilizimika mwana alipokuwa ndiyo kwanza anaamkia. Tangu hapo mama hajatia kitu kinywani.

“Si ampigie kwenye simu ya mkononi?” fundi aliuliza.

“Anapatikana hapa tu.”

Labda kazi za huko zina masharti yake, fundi alijimalizia mwenyewe.

Mkamwana alitaka jambo moja: vyote vilivyomo kwenye diski ya zamani vihamie kwenye diski mpya, lisipotee hata faili moja. Alilisema hilo fundi alipofika mlangoni. Akalirudia fundi alipochomoa waya wa intaneti na kuuviringisha juu ya kabati ili upishe meza, akalirudia tena alipofungua skrubu, mpaka Chapuchapu akaanza kuona anafanywa mtoto.

Diski ilisoma kidogo, ikagonga, ikanyamaza, ikaanza upya. Kila iliponyamaza mwanamke naye aliacha kupumua. Safari moja ilinyamaza kwa muda mrefu hata akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa viganja. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mama akimkosa leo tena, yeye hajui atafanya nini. Amembembeleza mpaka maneno yamemwisha, na mwili wenyewe ule hauna akiba ya siku nyingine.

Fundi alimwonea huruma kweli. Akaisimamisha diski wima, akaiegemeza kwenye kitabu, akaisubiri bila kusema neno. Ikaamka. Faili la mwisho lilipovuka kwenda kwenye diski mpya, mashati ya wote wawili yalikuwa yamelowa jasho.

Huruma hiyohiyo ndiyo iliyomfanya aongeze kitu ambacho hakuombwa. Mkobani alikuwa na vijiti viwili vya memori alivyovitoa kwenye mashine nyingine. Mkamwana alikuwa amekwisha kumweleza kwamba sauti ya mumewe hukwama: maneno mawili, kimya kirefu, kisha inaendelea, hivyo hivyo mpaka mwisho.

“Kukwama si neno,” alikuwa amesema. “Tumeshazoea. Isife tu.”

Lakini kwa Chapuchapu, kuiacha mashine ikikwama ni sawa na kumwacha mtu na mwiba mguuni. Memori kidogo na diski iliyochoka, alieleza, ni kama kuhama nyumba kwa kikapu kimoja. Lazima kila safari usubiri. Akavisukuma vijiti mahali pake mpaka vikalia. Alipobonyeza kitufe, kompyuta iliwaka kabla hajavuta kiti.

Mkamwana alipitisha macho kwenye faili zote, akaona zipo, akalia kwa furaha. Alimshukuru fundi, akamwambia anaweza kwenda. Fundi akazungukazunguka na bisibisi zake. Alitaka kuisikia kazi ya mikono yake.

Mama aliletwa akishikwa mkono, akaketishwa mbele ya spika. Alijiweka sawa, akakohoa kidogo kusafisha koo. Mkamwana akabonyeza.

“Mama, shikamoo.” Sauti ilitoka safi kabisa, ya kijana mchangamfu. “Umeamkaje?”

“Marahaba, mwa...”

“Umekula? Mguu bado unakusumbua?”

“Mguu nao baba, tangu ju...”

“Huku baridi imeanza, nimenunua koti, ungeniona ungenicheka. Haya mama, tutaongea.”

Mama alibaki ameinamia spika, mdomo wazi, na jibu lake halijatoka. Chapuchapu alikuwa bado anatabasamu kwa sifa macho yake yalipopanda juu ya kabati. Waya wa intaneti ulikuwa palepale alipouweka asubuhi, umeviringishwa.

Mkamwana alijiziba mdomo kwa mkono. Mama akapapasa hewani mpaka akaupata huo mkono, akaushusha taratibu na kuupakata.

“Usilie, mwanangu. Tangu siku ile ulipofungulia maji bafuni ili nisikusikie ukilia, nilijua mwenzio hayupo tena duniani.”

Kisha akamgeukia fundi, upande alikoona kivuli chake.

“Nawe baba, irudishe kama ilivyokuwa. Ile ilikuwa inaniachia nafasi ya kumjibu.”