Magoti ya Kupandia

Nimepanda mara kumi na moja kwenye ile nyumba ya kale ya watawa wa Kibudha, na siikumbuki hata kidogo. Wasioweza kuzipanda ngazi elfu tatu hunituma mimi. Nikishuka, mikono na mifuko yangu hukaguliwa, kisha mashine huniondolea kumbukumbu ya safari na kuwapa wao. Mimi hubaki na magoti yanayouma.

Jana nilifika nyumbani nikijikokota. Mama akanikalisha anikande.

"Haya, Mwanaheri, kukoje huko juu?"

"Kuzuri, mama."

"Kila siku kuzuri. Mbuzi angenisimulia zaidi."

Nilicheka. Akanivua soksi, akauinua mguu wangu kwenye mwanga.

"Na hii michoro ya nini kwenye unyayo?"

Mama hajui kusoma. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu naujua. Nilikuwa nimejiandikia huko juu: *Safari ijayo usishuke.*

Nilimtazama mama, mikono yake imejaa mafuta, akinisubiri.

"Ni uchafu tu, mama."

Akausugua taratibu mpaka ukatoka wote. Kesho napanda tena.