Kuku wa Nyamizi Wasema

Nchini mwao, ugunduzi wowote haukukubaliwa mpaka uthibitishwe nyumbani kwa mtu wa kawaida. Safari hii kura ilimwangukia Nyamizi, fundi cherehani wa Tabora, na mtafiti Luhende akamletea kisanduku cha kufasiri lugha ya kuku.

Luhende alikitundika bandani. Kazi ya ujana wake wote ilingoja neno la mama huyu.

Tetea mweusi alilia. Kisanduku kikasema, "Jua limetoka! Jamani, jua!"

Nyamizi aliangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka. Majirani wakajaa uani. Tetea alipotaga, wote wakasikia, "Ni mimi! Njooni mwone!" Wakampigia vigelegele kama mzazi.

"Unasemaje, mama?" Luhende akauliza.

"Kinafanya kazi, mwanangu. Katangaze nchi nzima!"

Luhende alitokwa na machozi ya furaha. Mgeni wa namna hiyo haondoki na njaa, basi Mzee Kapama, mume wa Nyamizi, akashika kisu akaelekea bandani.

"Anakuja!" kisanduku kikashangilia. "Anakuja yule anayetupenda!"

Mzee Kapama akasimama, kisha akarudi polepole, kisu kakificha mgongoni.

"Mwanangu, unakula maharage?"

"Sana, baba," Luhende akajibu upesi.

Walicheka, wakala, wakashiba. Lakini Nyamizi, kila alipoinua macho, aliwaona majirani wakiaga mmoja mmoja, wakienda kuyatazama mabanda yao.