Uzi wa Mwanakheri

Sajili ya zamani ya taifa ilikuwa jedwali: kila mtu mstari wake, baba mmoja, mama mmoja. Sajili mpya iliwahifadhi watu kama wavu, na kila uhusiano ulikuwa uzi.

Mwanakheri, yatima aliyelelewa na majirani, aliifungua kwenye simu yake sebuleni akastaajabu. Humo waliorodheshwa wanawake watatu waliomnyonyesha, na ndugu wa kunyonya saba asiowajua.

“Mume wangu, njoo uone,” alimwita Shomari. “Kumbe nina watu.”

Shomari aliinama, akatabasamu. Mwanakheri akaugusa uzi uliowaunganisha wao wawili. Ulikuwa mwembamba kuliko nyuzi zote.

“Unene wake unapimwa kwa kitu gani?”

“Kwa maneno tunayosemezana,” Shomari alijibu, akaketi karibu naye, asijue aanze na lipi.