Nani Anayelegeza Boliti?

Uvumi ulimkuta Mama dukani, sabuni mkononi: kule maabara anakofanya kazi binti yake, boliti imechomoka kwenye chuma kinachotikiswa, ikapita juu ya kichwa cha mtu na kutoboa dari. Nani kaiona? Hakuna. Nani kasema? Watu. Lakini neno lilishamwingia kama mbu ndani ya chandarua. Sabuni aliiacha palepale juu ya kaunta.

Saa sita kamili alikuwa mlangoni pa maabara, hotpoti kwapani, akikagua dari. Haikuwa na tundu. Hilo halikumtuliza hata kidogo, dari huzibwa.

“Mama! Kuna msiba?” Kitinda, mtoto wake wa mwisho, aliruka kutoka kitini.

“Kuna chakula. Hebu niambie, hasa hasa unafanya nini humu?”

Mezani palikuwa na vyuma viwili bapa, vimelaliana ncha na kubanwa kwa boliti nne. Kitinda akavigonga kwa nyundo ndogo. Ngiiing! Mstari ukarukaruka kwenye skrini, ukapungua, ukalala.

“Umesikia kilivyonyamaza? Pale vyuma vilipobanana vinasuguana, kidogo mno, jicho halioni. Msuguano huo ndio unaokula mtetemo na kuugeuza joto. Mimi napima unakula kiasi gani.”

“Nimekusomesha miaka yote hiyo uje kupima ulaji wa chuma?”

“Cheka tu, mama’angu. Tukifungua boliti na kukaza upya, jibu linageuka. Nikikaza mimi, hivi. Akikaza Miwani, vile.” Akamwelekezea kidevu fundi mwenzake, kijana mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. “Majibu yasipolingana mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, bosi anafunga mradi, na mimi narudi kulala chumbani kwako.”

Wakatoka wote wawili kwenda kunawa mikono. Mama akagusa boliti moja kwa kidole. Ikazunguka! Ya pili, vilevile! Uvumi wote ukamrudia masikioni kwa kishindo.

Spana ilikuwa palepale mezani. Kwa miaka thelathini Mama alikuwa akijikazia mwenyewe nati za cherehani yake: unakaza mpaka spana ikuambie basi, hapo unaacha. Akakaza zote nne, akairudisha spana mahali pake, akakaa akitazama dirishani kama mtu anayesubiri basi.

Kesho yake alikuja tena na hotpoti. Safari hii waliondoka hata kabla hawajafungua kifuniko, eti wanakwenda kuchota maji. Boliti zote zilikuwa zimelegea.

“Kumbe!” Mama alinong’ona. “Mwanangu ana adui.”

Akakaza. Siku ya tatu zimelegea tena, na spana imefungwa waya mwekundu mpinini, kama mbuzi. Wameanza kuogopa wezi, aliwaza, akakaza. Wakamlegezea, akakaza. Ikawa vita, na vita ile ikamnogea. Kila adhuhuri alipanda ngazi za maabara akijiimbia kimoyomoyo, mzee mzima, visigino vinaruka, kwa hamu ya kumkomoa asiyemjua. Alimchunguza mlinzi. Alimchunguza mfagiaji. Miwani alimtazama jicho baya kiasi kwamba fundi wa watu akapaliwa na chai.

Jumatano ya wiki ya pili, jioni, akamsikia Kitinda, aliyepita nyumbani kumsalimia, akizungumza kwenye simu sebuleni, anacheka mpaka anashika mbavu.

“Mkono uleule, bosi, kila siku! Hapana, hajui kabisa kwamba tunamjua. Ijumaa njoo umwone mwenyewe.”

Mama akakaa chini jikoni, mwiko mkononi. Mkono! Mikono ikibadilika jibu linageuka. Si aliambiwa siku ya kwanza, kwa kinywa cha mwanawe? Hapakuwa na adui yeyote. Boliti zililegezwa kwa sababu ya kipimo, na yeye, mama mtu, siku zote hizo alikuwa akiuharibu mradi kwa mkono wake. Sasa anangojwa Ijumaa aaibishwe mbele ya bosi. Aibu yake angeimeza. Lakini kazi ya mtoto!

Alhamisi hakupika. Alikwenda mikono mitupu, maneno ya kuomba radhi ameyapanga tangu nyumbani. Mlango wazi, chumba kitupu. Wamekwenda kuchota maji. Boliti nne zinamtazama, zimelegea. Mikono ikamwasha. Akaifunga nyuma ya mgongo, akageukia ukutani asizione.

Ukutani, kando ya skrini, pamebandikwa karatasi. Ni mwandiko wa Kitinda. Mama akausogelea, akafuatisha herufi kwa ncha ya kidole, midomo ikimcheza, kama alivyofundishwa shule ya msingi.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitie mafuta kwenye boliti.

Usigonge chuma kabla hakijanyamaza.

Usisahau kulegeza zote nne kabla ya saa sita.

Usikae chumbani Mama akifika.

Usiguse waya wa spana. Ndio unaotuandikia nguvu anayotumia.

Usikaze wewe, wala Miwani. Majibu yanayolingana ni ya Mama peke yake.

Usimwambie mpaka Ijumaa. Akijua anapimwa, ataanza kukaza kwa adabu.