Majina Arobaini na Moja

"Mbona hujafuta mpaka sasa?" meneja alinong'ona, ingawa ofisini walikuwa wawili tu na mlango ulikuwa umetiwa komeo.

Fundi wa kompyuta hakugeuka. "Majina ya video yana nafasi katikati, bosi. Ona hili: *Kisu cha nne Jumatatu asubuhi*. Mlinzi wako wa kamera kaandika kama anayemwandikia mjomba wake barua. Nikiipa programu orodha hii hivihivi, itakata jina kila penye nafasi. Itaona *Kisu* peke yake. Na humu ndani kuna folda inaitwa Kisu."

"Ina nini?"

"Ina kila kitu. Video elfu nne. Zote zitakwenda na maji."

Shati lilimganda meneja mgongoni. Elfu nne zikitoweka, hata kipofu angeuliza zimekwenda wapi. Yeye alitaka ziondoke arobaini na moja tu, zile za majuma matatu ambayo mashine ya nne ya kukatia maboksi ilifanya kazi bila kinga yake ya chuma. Kinga aliitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili kazi iende mbio. Kisha kisu kikamla Mama Pacha, mfanyakazi wa mashine hiyo, vidole vitatu, na meneja akaandika kwenye ripoti kwamba mama huyo aliifungua kinga kwa ukaidi wake. Ukweli ukijulikana, kwake ni jela.

Siku mbili nzima alizitazama video moja moja, akaziorodhesha zote zenye ushahidi. Hakuacha hata moja.

Nje, lango la kiwanda lililia. Gari la wakaguzi.

"Fanya haraka, bwana!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Bonyeza!"

"Natia mabano mwanzo na mwisho wa kila jina, tuone kama lipo zima. Halafu mimi nina utaratibu wangu, bosi. Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kwa makofi. Orodha ya kufuta, kwanza—"

"Utaratibu wako kamfundishe mkeo! Nimesema bonyeza!"

Fundi akafyata mkia. Akabonyeza.

Majina yakaanza kushuka kwenye skrini, moja chini ya jingine, kila moja ndani ya mabano yake. Meneja aliyahesabu kwa midomo, kama mtu anayesali. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Hakuna lililokatika.

Viatu vilisikika kwenye ngazi.

"Tayari?"

"Orodha imepita yote, bosi, haina kasoro. Sasa—"

"Sasa toka hapo!"

Alimshika bega, akamnyanyua kitini, akamsukumia mlangoni. Akafuta jasho kwa mkono wa shati, akafungua komeo.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari kwapani. Alionekana hajapata usingizi wa kutosha tangu mwaka uanze.

"Karibu, mama. Keti hapahapa penye kompyuta. Sisi hatuna cha kuficha."

"Nimeambiwa mna video elfu nne," mkaguzi alisema, akijitupa kitini. "Mimi nimepewa siku moja. Hata sijui pa kuanzia." Akaisogelea skrini. "Haya majina ni ya nini?"

Kicheko kilimpanda meneja kooni, akakimeza. Hayo yalikuwa majina ya marehemu. Hata yakiitwa, nani angeitika?

"Ni mabaki ya kazi ya fundi wangu, mama. Jaribu lolote upendalo."

Mkaguzi akalichagua la kwanza. Kisha skrini ikajaa sakafu ya kiwanda, mashine ya nne, na mgongo wa mwanamume aliyepiga magoti, bisibisi mkononi. Mwanamume yule akainua kinga ya chuma, akageuka, akaitazama kamera.

Mkaguzi alivua miwani, akamtazama meneja, akaivaa tena. Akaweka kidole kwenye jina la pili.

"Mara ya kwanza huwa naiambia programu iyataje majina tu, bosi," fundi alisema kutoka mlangoni. "Kufuta ni mara ya pili, nawe ukaninyanyua kitini."