Kichupa Kilichokuja na Barafu

"Geuza mifuko, mama."

Mama wa usafi akageuza mifuko ya koti lake la kazi. Zikadondoka leso, kipande cha sabuni na pipi moja iliyonyonywa nusu ikarudishwa kwenye karatasi yake. Askari wa getini, aliyeitwa awe shahidi, aliitazama ile pipi kwa huruma.

Mtafiti alikuwa na miezi miwili tu katika maabara ile, lakini shahada zake zilikuwa zimeshaenea ukuta mzima. Mkononi alishika kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Kilisubiriwa wiki sita, kikafika asubuhi hiyo ndani ya boksi la barafu, yeye akiwa bado hajaingia kazini. Aliyekipokea na kukifungia kwenye friza ni mama wa usafi, na ufunguo alikuwa nao yeye.

"Humu mlikuwa na protini ya binadamu," alisema mtafiti.

"Binadamu gani, daktari? Na yeye anajua kaibiwa?"

"Si ya mtu. Imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Mwilini hujibandika kwenye protini nyingine kama lebo, kuziongoza pa kwenda. Haitibu, hailiwi, ni ya utafiti tu."

"Sasa haitibu, hailiwi, mimi nimeipeleka wapi?"

Askari akakohoa ili asicheke.

Mtafiti hakuwa na nafasi ya mizaha. Karatasi iliyokuja na kichupa alikuwa ameikunja mfukoni bila kuisoma. Kusoma maelekezo aliwaachia wanafunzi. Alikotoka yeye, protini ilifika ikiwa majimaji, na hiki kilikuwa kikavu kama koo la mwenye homa. Barua ya kumfukuza mama wa usafi ilikuwa tayari mezani, ikingoja saini ya profesa.

Miaka kumi na tisa ya kupiga deki. Kazi angeweza kuitafuta kwingine, hata kwa magoti haya yanayolia. Lakini angerudije nyumbani akiwa mwizi, na wajukuu wangeambiwa nini?

"Angalia tena, mwanangu," alisema kwa upole. "Huenda imejishikiza pembeni."

"Naangalia, tena mbele ya shahidi, usije ukasema umeonewa."

Akachukua chupa ya maji safi ya maabara, akatia matone kichupani, akafunga, akatikisa taratibu, akakiinua kwenye mwanga.

"Unaona nini?" akamuuliza askari.

"Maji, bosi."

Akayamwaga kwenye sinki. Akasuuza mara ya pili, akamwaga. Mara ya tatu akamwaga na bomba akalifungulia mpaka mwisho.

"Nani bado ana la kusema?"

Mama wa usafi aliinama akaokota leso yake, akajifuta macho.

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia na mkoba wake begani, akaona chupa ya maji iko wazi na kichupa kimelowa, uso ukamchangamka.

"Kumbe umeshaiyeyusha," alimwambia mtafiti. "Nami njia nzima nina wasiwasi, maana ule unga ni mchache mno, hauonekani kwa macho, mtu asiyejua angedhani kaletewa kichupa kitupu. Haya, hayo maji umeyaweka wapi?"